Mwaka wangu wa kwanza wa kupogoa mizabibu kwenye shamba la kilimo hai: niliyojifunza, na kosa lililonifundisha zaidi

Mwanamizabibu

Wakuu, salaam.

Msimu mzima uliopita nimeushinda kwenye shamba la mizabibu la kilimo hai, chini ya mzee mmoja aliyeshika mkasi tangu ujana wake. Nilikuwa nimezoea bustani za mboga na miti michache ya matunda. Mzabibu sikuujua. Naandika sasa wakati kumbukumbu bado mbichi, kwa sababu mengi niliyosoma kabla ya kuanza yalinionyesha pa kukata bila kunieleza kwa nini, na kwenye mzabibu usipojua kwa nini, utakata vibaya hata kama mkono wako ni mwepesi.

Nianze na kosa langu.

Siku ya tatu nilipewa mstari wangu peke yangu, mizabibu iliyokwisha kupita miaka ishirini, mashina manene yamepindapinda. Nilikata kwa bidii. Kila tawi nene la zamani nililiondoa sawasawa na shina, kidonda kikabaki laini kabisa, ukipitisha kiganja husikii kitu. Nilikuwa nimefundishwa hivyo kwenye miti mingine, kwamba kisiki ni uchafu. Nikamaliza karibu mizabibu arobaini.

Jioni mwalimu akaja. Akatazama mitano, sita, hakusema neno. Akaenda nyuma ya banda akarudi na mzabibu mfu uliong'olewa mwaka uliopita, akaniambia nishike upande mmoja, akaupasua kwa msumeno kwa urefu, kuanzia kichwani hadi karibu na mizizi.

Ndani kulikuwa na rangi mbili. Sehemu iliyokuwa hai ilikuwa nyeupe ya maziwa, na ile iliyokufa kahawia iliyokolea. Na hiyo kahawia haikusambaa ovyo. Kutoka kwenye kila kovu la zamani ilianza pana, ikaingia ndani ikichongoka kama kabari. Kovu dogo lilikuwa na kabari fupi, kovu pana kabari ndefu. Pale juu, makovu mawili makubwa yalitazamana kushoto na kulia, na kabari zake zilikutana katikati. Upande wa nyuma ulibaki utepe mweupe usiozidi upana wa kidole changu cha mwisho. Mzabibu mzima ulikuwa ukinywa kupitia hapo.

Akaniuliza, "Wewe ungeishi kwa mrija huu?"

Ndipo nikaelewa. Mzabibu haufuniki kidonda kama mwembe au mti mwingine unaojaza gome jipya juu ya kovu. Mahali ulipokata panakauka kuelekea ndani, na kina cha ukavu huo kinakaribia upana wa kidonda chenyewe, wakati mwingine kinauzidi. Ukikata sawasawa na shina, ukavu wote unaingia ndani ya shina. Ukiacha kisiki chenye urefu angalau sawa na unene wa tawi, ukavu unaishia ndani ya kisiki. Mwaka unaofuata unakuja kukiondoa kikiwa kimekufa, na njia ya maji haijaguswa.

Jambo la pili linatokana na hilo hilo: vidonda vikae upande mmoja. Ukiwa umekata upande wa juu wa mkono wa mzabibu, yaani tawi lake la kudumu, mwaka huu, mwakani kata juu tena, usihamie chini. Maji yanapita pale ambapo hapajakatwa, kwa hiyo lazima kuwe na upande mmoja usiowahi kuonja mkasi. Hili si geni. Lafon wa eneo la Charentes, Ufaransa, alilieleza mwaka 1921 akifuata kazi ya mkulima aitwaye Poussard. Baadaye watu wengi walilisahau, kwa sababu kulikuwa na dawa ya aseniki iliyotumika dhidi ya magonjwa ya shina. Ufaransa ilipoipiga marufuku mwaka 2001, watu walirudi kuuliza wazee walikuwa wanakataje.

Ndiyo maana nasema kwenye kilimo hai mkasi ni dawa yako ya kwanza, na kwa magonjwa ya ndani ya shina ni karibu dawa pekee. Hakuna cha kupuliza kitakachofufua mbao iliyokufa.

Karibuni tuchangie. Nitajibu ninachokijua, na waliotangulia mtanisahihisha.

---

Kijani_Kibichi

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Nina mizabibu sita nyuma ya nyumba, nimeikuta, sijaipanda mimi. Imejaa matawi kila upande, huwezi hata kuona shina. Mwaka juzi niliipunguza kwa kuogopa, nikakata ncha tu. Ikatoa majani mengi na vishada vitatu. Mwaka jana nikakasirika nikakata kila kitu hadi kwenye shina. Ikatoa majani mengi zaidi, vishada sifuri. Nakosea wapi?

---

Mwanamizabibu

Ndugu yangu, umepita pande zote mbili za njia. Ngoja nieleze kama nilivyoelezwa.

Simama mbele ya mzabibu usishike mkasi kwanza. Tafuta miaka. Tawi la mwaka uliopita lina gome laini, rangi ya mdalasini au kahawia yenye mng'ao, na macho, yaani zile nundu ndogo ambamo machipukizi hutoka, yanaonekana wazi kwenye kila kifundo. Lile la miaka miwili gome limeanza kupasuka. La zamani zaidi linachunika vipande virefu vyenye nyuzi.

Zabibu zinazaliwa kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye jicho la tawi la mwaka uliopita. Hapo ndipo siri ilipo. Chipukizi linalochomoza moja kwa moja kwenye shina kuukuu kwa kawaida linakupa majani, halikupi kishada. Ulipokata kila kitu hadi kwenye shina, uliondoa macho yote yaliyobeba maua. Na maua hayo yalikuwa tayari mle ndani! Jicho linaanza kujiandaa kuzaa msimu mmoja kabla, kipindi kile kile ambacho vishada vya mwaka huo viko kwenye maua. Macho yaliyokulia kwenye mwanga yanazaa, yaliyokulia kwenye kivuli cha majani yaliyosongamana yanazaa kidogo au hayazai kabisa.

Na hapo ndipo kosa lako la mwaka juzi linapoingia. Kukata ncha tu kunaacha macho mengi mno. Mzabibu ukaamka kila mahali, ukajitia kivuli wenyewe, macho ya ndani yakakosa mwanga. Kwenye kupogoa kwa kawaida unaondoa karibu sehemu tisa kati ya kumi za ukuaji wa mwaka uliopita. Mara ya kwanza nilipoona rundo chini na kilichobaki kwenye waya, nilidhani tumeua shamba.

Kwa mizabibu yako sita ningefanya hivi. Chagua kwenye kila mmoja tawi moja au mawili ya mwaka uliopita, unene wa penseli, yaliyotoka karibu na kichwa cha shina. Usivutiwe na yale manene kama kidole gumba, hayo yalikimbilia majani. Wala membamba kama unyasi. Tawi lililochaguliwa liachie macho nane hadi kumi, lilaze kwenye waya, lifunge. Halafu, na hili usilisahau, chini yake, karibu na shina, acha kipande kifupi chenye macho mawili tu. Sisi shambani tunakiita kidole. Hicho si cha kuzalia mwaka huu. Kinakutengenezea tawi la mwakani, ili usilazimike kwenda mbali na shina kila mwaka. Mtindo huu unaitwa Guyot, kwa jina la Jules Guyot, daktari wa Ufaransa aliyeueneza miaka ya 1860.

Kwa nini kidole kiwe chini? Kwa sababu mzabibu ni mmea wa kupanda juu ya miti. Macho ya mbali yanaamka kwanza na kuyalaza njaa ya karibu. Ukiuacha ujipeleke, kila mwaka matunda yanahamia mbali zaidi na shina, na katikati panabaki fimbo tupu.

---

Mzee_wa_Vishada

Vijana, nimesoma kwa furaha. Naongeza mambo mawili matatu.

La kwanza, hali ya hewa siku ya kukata. Vimelea vinavyooza shina husafiri na mvua. Kidonda kibichi ni mlango wazi, na mlango huo unafungwa polepole kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mimi sikati mvua ikinyesha wala kesho yake. Nasubiri siku kavu na utabiri wa siku kavu.

La pili, mapema au kuchelewa? Nimebishana na watu miaka mingi. Msimamo wangu ni kuchelewa, pale mzabibu unapokaribia kuamka kutoka usingizi wa majira ya baridi. Kidonda kinapona haraka kwa sababu mmea una nguvu, na ukikata kwa kuchelewa macho nayo yanachelewa kufunguka kwa siku kadhaa, jambo linalookoa mazao kwenye maeneo yenye baridi ya umande mgandamo. Mwenye shamba kubwa hawezi kusubiri hivyo, naelewa, basi akate mara mbili: mapema apunguze matawi marefu akiacha mengi, akirudi mwishoni amalizie.

La tatu, msiogope mzabibu ukilia. Ukikata karibu na kuamka, maji yanadondoka kwenye kidonda tone kwa tone, mchana na usiku. Watu wanakimbilia kupaka udongo, nta, hata rangi. Acheni. Ni mizizi imepata joto inasukuma maji. Haufi kwa kulia.

---

Kijani_Kibichi

Shikamoo mzee. Nashukuru, maana mwaka jana ulilia siku nne na mimi karibu nilie nao. Nilifunga vitambaa.

---

Mzee_wa_Vishada

Marahaba mwanangu. Fungua vitambaa. Vinatunza unyevu kwenye kidonda, na unyevu ndio ukungu unaoutaka.

---

FundiMkasi

Mimi nafanya kazi ya kupogoa kwa mkataba, shamba hili wiki hii, lingine wiki ijayo. Naheshimu aliyeanzisha uzi ila nina tofauti kidogo kuhusu visiki.

Mwenye shamba akikuta visiki anaona kazi mbovu. Na visiki hivyo mwakani ni kazi ya ziada, mtu arudi na msumeno aviondoe kimoja kimoja. Kwenye mizabibu yenye mkono wa kudumu juu ya waya, ambayo unaacha vidole vya macho mawili mawili kila baada ya kiganja kimoja, kuna vidonda vingi mno kuacha kisiki kila mahali. Mimi tawi la mwaka mmoja nalikata karibu, na sijaona madhara.

---

Mwanamizabibu

Mkuu Fundi, naona tunakubaliana zaidi ya tunavyopingana. Tawi la mwaka mmoja hata mwalimu wangu analikata karibu, akiacha tu ile pete nene iliyo chini kabisa ya tawi, ambayo ina macho madogo yaliyolala. Kidonda ni chembamba, kabari yake ni fupi. Kisiki ni kwa mbao ya miaka miwili na kuendelea, pale kidonda kinapokuwa kikubwa kuliko sarafu.

Ila hapo kwenye sura ya kazi siwezi kukubali. Mwenye shamba aelezwe. Nilipasuliwa mzabibu mbele ya macho yangu, na tangu siku hiyo kidonda laini kwenye shina kuukuu nakiona kibaya kuliko kisiki. Dawa bora ni kutofika huko: ukimpangia mzabibu umbo lake ukiwa mchanga, kila mwaka unakata mbao changa tu, na msumeno unakaa kwenye begi.

Na wale mizabibu arobaini? Hatukuweza kurudisha nilichokata. Mwalimu aliniambia niipake vidonda vikubwa mchanganyiko wa Trichoderma, kuvu wazuri wanaowahi nafasi kabla ya wabaya, wanaoruhusiwa kwenye kilimo hai. Kisha akafunga uzi mwekundu kwenye nguzo ya kwanza ya mstari ule. Kila nikipita nauona. Utachukua miaka kujua ni mingapi itadhoofika.

---

FundiMkasi

Hapo kwenye macho yaliyolala nimekuelewa, na kweli huwa naiacha ile pete bila kufikiri. Kuhusu mkasi wenyewe nami niongeze, kwa sababu naona watu wengi wanaushika kinyume. Mkasi una ubapa mmoja unaokata na mdomo mmoja unaoshikilia. Ubapa unaokata ukae upande wa kinachobaki kwenye mmea. Mdomo unaoshikilia unaponda kidogo, basi uponde kile kinachoanguka. Geuza kiganja, ni kazi ya nusu sekunde. Na unoe kila asubuhi, mkasi butu unaua kifundo cha mkono wako kabla ya kuua mmea. Ukitoka kwenye mzabibu uliokauka upande mmoja au wenye majani ya ajabu, futa ubapa kwa spiriti kabla ya kugusa jirani yake. Bora zaidi, mizabibu ya namna hiyo uitie alama na uikate ya mwisho kabisa.

---

Mama_Mboji

Wanangu mmezungumza mkasi vizuri. Mimi naomba mshuke chini kidogo, kwenye udongo.

Watu wakisikia kilimo hai wanadhani ni kumwaga samadi. Mzabibu haupendi kushibishwa. Ukiumwagia samadi nyingi unakimbia: matawi manene, majani makubwa kama sahani, kivuli, unyevu, kisha ukungu. Halafu mtu analaumu kupogoa. Mimi naweka mboji iliyoiva, kidogo, baada ya kuangalia matawi yaliyokatwa. Matawi yakiwa unene wa penseli na urefu wa mtu wa wastani, siweki kitu. Yakiwa mafupi na membamba shamba zima, naongeza.

Kuna kipimo cha uhakika zaidi kwa anayetaka namba. Pima uzito wa zabibu ulizovuna kwenye mzabibu mmoja, ugawanye kwa uzito wa matawi uliyokata kwenye mzabibu huo huo. Ukipata kati ya 5 na 10, mmea uko sawa. Chini ya hapo una majani mengi kuliko matunda, unaweza kuuachia macho zaidi. Juu ya hapo umeubebesha mno, punguza macho.

Kati ya mistari mimi napanda mikunde na nyasi mchanganyiko, mstari mmoja naacha mmoja, nafyeka inapochanua. Chini ya mizabibu napalilia kwa jembe dogo, na hapo ndipo nataka muwe waangalifu. Kidonda cha jembe kwenye shina ni kidonda kama cha mkasi, tena chafu zaidi. Na kama miche yenu ni ya kubebeshwa, yaani mzabibu mmoja umeungwa juu ya shina la mwingine, msirundike udongo juu ya pale palipoungwa. Ile sehemu ya juu ikigusa udongo itatoa mizizi yake yenyewe, na mizizi hiyo haina kinga dhidi ya filoksera, yule mdudu aliyetoka Amerika Kaskazini akaangamiza mashamba ya Ulaya kuanzia miaka ya 1860. Mashina ya chini yalichaguliwa kwa sababu yake. Machipukizi yanayotoka chini ya muungo nayo mng'oe yakiwa machanga, kwa mkono, kabla hayajawa miti.

---

Swali_Moja

Samahanini, mimi nina jambo linanisumbua. Kilimo hai si bila dawa? Mbona kila shamba la mizabibu la kilimo hai nililotembelea nimekuta majani yana madoa ya buluu? Niliambiwa ni shaba. Shaba si sumu?

---

Mwanamizabibu

Swali zuri na linastahili jibu la kweli. Kilimo hai hakimaanishi bila dawa, kinamaanisha bila dawa za kutengenezwa viwandani za aina nyingi. Shaba na salfa zinaruhusiwa, na ndizo nguzo mbili za mizabibu.

Ile buluu ni mrututu, yaani chumvi ya shaba, uliochanganywa na chokaa. Historia yake ni nzuri. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Millardet alikuwa akipita mashamba ya Médoc karibu na Bordeaux, wakati ubwiri vinyoya, ugonjwa wa majani unaofanana na ukungu, ukiyapukutisha kila mahali. Akaona mizabibu ya kando ya barabara bado ina majani yake. Wakulima walikuwa wameinyunyizia mrututu na chokaa ili wapita njia waogope kuiba zabibu. Akafanya majaribio, akayatangaza mwaka 1885, na mchanganyiko huo ukaenea duniani.

Lakini ndiyo, shaba haiozi. Inakaa kwenye udongo wa juu, ikizidi inaumiza minyoo na viumbe vidogo. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya tangu 2019 umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta kwa miaka saba, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Mwaka wa mvua nyingi kikomo hicho kinabana kweli. Sisi tunapuliza kidogo kidogo kabla ya mvua, hatupulizi baada, kwa sababu shaba inazuia mbegu za ukungu zisiote, haiponyi jani lililokwisha kuingiliwa.

Na tofautisheni magonjwa mawili. Ubwiri vinyoya unataka maji juu ya jani: doa la manjano kama tone la mafuta juu, unyoya mweupe chini yake. Wazee wana kanuni ya kumi tatu: machipukizi yakifika sentimita 10, mvua ikinyesha milimita 10, joto likiwa nyuzi 10 au zaidi, kaa macho. Ubwiri unga hauhitaji mvua, unapenda joto la wastani na kivuli, unapaka zabibu vumbi la kijivu hadi zinapasuka. Huo dawa yake ni salfa. Salfa haifanyi kazi vizuri kwenye baridi, na joto likipita nyuzi 30 inaunguza majani, kwa hiyo tunapuliza alfajiri.

Sasa rudi kwenye mkasi. Magonjwa yote mawili yanachukia upepo na jua. Kila tawi ulilopanga vizuri ni raundi moja ya shaba uliyoiokoa.

---

Joto_la_Mwaka_Mzima

Wakuu mnazungumzia mizabibu kulala na kuamka. Kwa sisi tulio karibu na ikweta mzabibu haulali kabisa, una majani mwaka mzima. Tunapogoa lini?

---

Mzee_wa_Vishada

Kwenu mkasi ndio unaoleta majira. Baada ya mavuno mnaupumzisha mmea, mnapunguza maji, kisha siku mnayopogoa ndiyo siku msimu unapoanza. Ndiyo maana sehemu hizo watu huvuna mara mbili kwa mwaka. Panga kwa kuhesabu kurudi nyuma: unataka maua na zabibu zinazoiva ziangukie kwenye kiangazi, siyo kwenye mvua.

Tatizo lenu kubwa litakuwa macho kutofunguka kwa pamoja. Bila baridi, macho ya ncha yanaamka, ya katikati yanabaki yamelala. Wengine hutumia dawa ya kuamsha macho, ila kilimo hai hakiiruhusu. Mnachoweza ni kutumia vidole vifupi badala ya matawi marefu, au tawi refu mlikunje upinde kabla ya kulifunga, ili ncha isiwe juu kuliko yote. Likunjeni mchana likiwa limepata joto, asubuhi linakatika.

---

Mwanamizabibu

Kuna kazi moja sijaitaja na naipenda kuliko zote: kazi ya majani mabichi.

Machipukizi yakifika urefu wa kiganja, unapita mzabibu kwa mzabibu ukiondoa yaliyozidi kwa kidole gumba. Hakuna mkasi. Jicho moja likitoa mawili, unaacha moja. Yaliyotoka kwenye shina unayang'oa, isipokuwa pale unapohitaji tawi jipya la siku zijazo. Unalenga machipukizi kumi hadi kumi na tano kwa kila mita ya waya. Yakiwa machanga hivyo yanang'oka kwa sauti ndogo, tap, na kidonda chake ni nukta tu. Chipukizi ulilokosa kuling'oa leo ni kidonda cha mkasi mwakani, na ukilisahau miaka mitatu ni kidonda cha msumeno.

Baada ya matunda kushika, tunapunguza majani yanayozunguka vishada, upande unaopata jua la asubuhi peke yake. Umande unakauka mapema, na jua kali la mchana linazuiwa na majani ya upande wa pili. Fanyeni mapema, zabibu zikiwa ndogo kama mbegu za pilipili manga, zizoee jua. Ukizifunua ghafla zikiwa kubwa zinaungua, nimeona upande mmoja wa kishada umegeuka kama zabibu kavu. Na msizidishe, kila tawi linahitaji majani kumi hadi kumi na tano ili kuivisha ilichobeba.

---

Kijani_Kibichi

Nimerudi kutoa ripoti, wiki kadhaa zimepita.

Nilisubiri siku mbili kavu. Nilikaa mbele ya mzabibu wa kwanza karibu nusu saa bila kukata, nikafunga kamba nyekundu kwenye tawi nililolichagua na kamba nyeupe kwenye kidole, ndipo nikaanza. Wa mwisho ulinichukua dakika kumi. Rundo lilijaa toroli tatu. Mbao kuukuu nimeiachia visiki, jirani yangu akauliza mbona sijamaliza, nikamweleza. Mizabibu ililia siku tano, sikufunga kitambaa.

Leo asubuhi macho yamefunguka. Yanatoka na pamba ya rangi ya waridi pembeni. Mzabibu wa tatu una machipukizi ya urefu wa kidole, na kwenye mawili nimeona kitu kama kishada kidogo sana cha vitone vya kijani, ukubwa wa kucha. Ndiyo yenyewe?

Na swali: kwenye kidole chenye macho mawili yametoka machipukizi matatu, moja limetokea chini kabisa kwenye ile pete. Niondoe lipi?

---

Mwanamizabibu

Ndiyo yenyewe ndugu yangu, hayo ni maua kabla ya kuchanua. Nimefurahi sana.

Kuhusu kidole, usiondoe leo, subiri yafike urefu wa kiganja. Kisha angalia lile la pete linatazama wapi. Likiwa linaelekea usawa wa waya, liache: mwakani ndilo litakalokuwa kidole kipya, tena karibu na shina kuliko yote. Utoe la katikati. Likiwa linatazama nje ya mstari, kwenye njia ya kupita, ling'oe hilo na ubaki na mawili ya juu.